Udongo Wetu Umesafiri, Elimu Yake Haijarudi



Katika shamba la mzee mmoja wa Mwamanyili, karibu na njia ya ng'ombe waendao kunywa maji ziwani, kuna shimo la mstatili, lenye kina cha mtu kusimama ndani yake akabakiza kichwa tu nje. Halikuchimbwa kwa ajili ya choo, wala kisima, wala maziko, ingawa watoto wamelipa jina la kaburi. Lilichimbwa na mzee mwenyewe pamoja na wanawe wawili, kwa ujira wa kutwa moja, kwa ombi la wageni waliofika kwa gari: msomi wa shahada ya uzamili, mwalimu wake kutoka chuo kimoja cha Ulaya, na dereva. Wageni wale waliingia shimoni, wakakwangua ukuta wake kwa kisu, wakalinganisha rangi ya udongo na vibandiko vya rangi vilivyomo katika kitabu chao, wakaudondoshea tindikali ili waone kama utatoa povu, wakajaza mifuko midogo ya plastiki, wakaiandika namba, wakashukuru kwa adabu, wakaondoka.

Misimu minne imepita tangu siku hiyo. Ndama mmoja amekwisha kutumbukia humo akavunjika mguu. Hata hivyo mzee hajalifukia shimo lake, na tulipomwuliza sababu alitujibu hivi: "Baba Paroko, walisema watarudi kunieleza walichokiona. Nikilifukia, siku wakija nitawaonyesha nini?"

Tunaandika kurasa hizi kwa sababu ya jibu hilo. Mtu aliyeahidiwa neno na mwenye elimu amelisubiri kwa uaminifu ambao mwenye elimu hakuuonyesha. Kwa kawaida Tume za Haki na Amani husema juu ya ardhi iliyoporwa, mipaka iliyosogezwa, wajane walionyang'anywa mashamba. Hapa hakuna aliyepora shamba. Kilichochukuliwa ni kilo chache tu za udongo, kwa hiari ya mwenyewe. Lakini pamoja na udongo ule ilichukuliwa habari ya shamba lake, na habari hiyo sasa inajulikana kwa watu wasiolima hapa, wakati anayelima hapa haijui. Sisi tunaliita jambo hilo kukosa haki, na hatutalitafutia jina laini zaidi.

Kwanza tuondoe shutuma isiyostahili. Wengi mtadhani kwamba msomi yule alikuwa mgeni asiyejali. La hasha. Ni mtoto wa nchi hii, tena wa mkoa wa jirani. Shahada ya kwanza aliipata hapa nchini. Ya uzamili aliisomea Ulaya, katika mojawapo ya programu zile za kimataifa za elimu ya udongo ambamo kijana wa Bolivia huketi pamoja na wa Ethiopia na wa Vietnam. Tulimtafuta, tukamwandikia, naye akatujibu kwa barua ndefu. Kwa ruhusa yake tunaeleza yaliyomo, bila kutaja jina lake wala la chuo chake.

Anasema kwamba katika mwaka wa kwanza mwalimu aliwauliza wanafunzi ni nani kati yao aliyewahi kuona kwa macho yake ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kujifunga wakati wa masika. Yeye alinyosha mkono. Aliwasimulia jinsi gurudumu la baiskeli ya baba yake lilivyozama katika ufa wa mbugani likapinda, na darasa zima likacheka, naye pia akacheka. Kwa mara ya kwanza maishani, anasema, alijisikia kuwa tajiri mbele ya wasomi. Baadaye walipelekwa Wageningen, Uholanzi, kutazama makumbusho ya udongo ya taasisi ya ISRIC iliyoanzishwa mwaka 1966. Humo vipande virefu vya udongo kutoka pande nyingi za dunia, vilivyokatwa shimoni vikiwa vizima na kukaushwa kwa gundi maalumu, hutundikwa ukutani kama sanamu za watakatifu. Alisogeza pua yake karibu na kimojawapo cheusi, akitafuta harufu ya mvua ya kwanza. Kilinuka gundi.

Ulipofika wakati wa kuchagua somo la tasnifu, kijana huyu alitaka kuchunguza jambo ambalo wakulima wa kwao humwuliza kila mara: kwa nini jaluba moja la mpunga linazaa, na la jirani yake, hatua thelathini tu kando, linatoa miche ya manjano na kubaki na ganda jeupe juu maji yanapokauka. Msimamizi wake alilisifu swali hilo. Kisha akamweleza, kwa upole, kwamba fedha za utafiti zilizopo ni za mradi wa kupima kaboni iliyohifadhiwa udongoni, kwa kuwa ndilo jambo ambalo wafadhili wa mwaka ule walikuwa wamelitolea fedha. Kwa hiyo akaja Mwamanyili kupima kaboni. Swali lilikuwa la Ulaya, udongo ulikuwa wa Mwamanyili.

Hatusemi kwamba kaboni ni upuuzi. Hali ya hewa inabadilika, na sisi wa Simiyu, ambao mvua zetu zimekuwa kama mgeni asiyetoa taarifa, tunalijua hilo kuliko wengi. Tunachosema ni kwamba mzee aliyechimba shimo hakuulizwa anataka kujua nini. Laiti angeulizwa, angeuliza habari za lile jaluba.

Mengine yaliyomo katika barua ni mafupi. Fedha za kazi ya shambani zilitosha wiki tano. Tasnifu iliandikwa kwa Kiingereza, ikawekwa katika maktaba ya chuo, na kwa muda haikuruhusiwa kusomwa na watu wa nje ili makala zitakazotokana nayo zichapishwe kwanza. Ufadhili ulikoma mwezi uleule alipotunukiwa shahada. Akarudi nyumbani. Sasa anafundisha masomo ya ziada ya fizikia na kemia kwa vijana wa kidato cha nne mjini, kwa malipo ya mwezi yasiyo na hakika. "Nauli ya udongo ilikuwamo katika bajeti ya mradi," ameandika, "lakini yangu ya kurudi Mwamanyili haikuwamo."

Maneno hayo tuliyasoma mara mbili. Ni kweli, udongo husafiri kwa heshima. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu udongo wa kutoka nchi kama yetu uingie ovyo, kwa kuhofia magonjwa ya mimea. Hutakiwa kibali maalumu cha kisayansi, ufungaji wa kuaminika, na maabara iliyoidhinishwa, na baada ya kazi udongo huo huteketezwa au kutakaswa kwa joto. Kwa hiyo udongo wa Mwamanyili ulipata viza yake, ukalipiwa ndege, ukapokewa na mwenyeji aliyeandikwa jina, na ukafika mwisho wake kwa utaratibu. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wa udongo wamekuja Usukuma kwa takriban miaka tisini. Yatupasa kuuliza ni nani aliyepona.

Maana si jambo jipya. Katika miaka ya 1930 bwana Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, alizunguka Tanganyika akitazama jinsi udongo unavyobadilika kutoka kilimani hadi bondeni. Aliona kwamba aina za udongo hazikai ovyo ovyo, bali hufuatana kwa mpangilio uleule kila uendapo kwenye nchi ya namna ileile, kama pete za mnyororo. Mwaka 1935 akaupa mpangilio huo jina la katena. Sisi tuliopigishwa Kilatini seminarini hatukuhitaji kamusi: maana yake ni mnyororo tu. Mwaka 1936 alitoa ramani ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki; akafariki mwaka 1942, na taarifa ya safari yake ikachapishwa mwaka 1947. Neno lake limekuwa la dunia nzima. Hakuna mwanafunzi wa udongo, awe Ulaya au Marekani, asiyelisoma katika kozi zake za mwanzo.

Lakini mnyororo huo ulikuwa umekwisha kupewa majina, pete kwa pete, na watu ambao hawakujua Kilatini. Mkulima wa Kisukuma akishuka kutoka kwenye vilima vya mawe anakutana na luseni, udongo wa mchanga, mwepisi kwa jembe na maskini kwa rutuba. Anashuka tena anafika kwenye itogolo, wa kijivu, wenye tabaka gumu chini ambalo huzuia maji. Kando yake ibambasi, mgumu zaidi, wenye magadi, ambao ng'ombe wa plau huusimamia wakapumua. Na chini kabisa mbuga, mweusi, wenye kupasuka, ambamo dengu hukua kwa unyevu uliobaki baada ya mvua kukoma. Tena kuna ibushi, udongo wenye chokaa. Majina haya hayakubaki vinywani mwa wazee. Yamo katika vitabu vya wataalamu wa kilimo wa wakati wa ukoloni, na katika ripoti za kituo cha Ukiriguru hadi miaka ya karibuni. Neno mbuga limeingia katika maandishi ya Kiingereza ya elimu ya udongo likiwa vilevile lilivyo. Wataalamu walichukua majina, wakayawekea namba za kemia, wakayapeleka. Ukimwuliza leo kijana wa sekondari wa Busega tofauti ya itogolo na ibambasi, atakuambia hayo ni mambo ya babu. Ukimwuliza mwalimu wake wa jiografia, atakutajia udongo wa aina tatu: kichanga, tifutifu na mfinyanzi.

Ipo pia kumbukumbu ya uchungu ambayo wasomi wetu vijana hawafundishwi, na bila ya kuijua hawawezi kuelewa kwa nini wazee huwatazama kwa jicho la pembeni. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, wenye makao yake Malya. Ndani yake yalikuwamo mambo ya maana: matuta ya kuzuia maji, samadi, mabwawa, hifadhi ya malisho. Lakini yalikuja kama amri. Mkulima asiyepiga matuta alitozwa faini. Mfugaji alitakiwa apunguze mifugo. Na mabwana shamba wakaonekana kuwa ndugu wa polisi. Watu walikataa. Manung'uniko yale yaliongeza nguvu ya vyama vya ushirika na ya siasa ya uhuru katika Jimbo la Ziwa, hata serikali ikaizuia TANU kufanya kazi Usukuma kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Basi ikatokea kwamba tuta zuri lilichukiwa kwa sababu ya aliyeliamuru. Tangu hapo mtu yeyote mwenye kifaa cha kupimia shamba lako ana deni la kujieleza.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya zamani. Tunakubali, na tunataja mfano mwingine wa zamani ili tusionekane wachoyo wa shukrani. Mwaka 1986 ilianzishwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa jina la HASHI, nayo ilifanya kazi hadi mwaka 2004 katika mkoa ambao wakati ule ulikuwa pamoja na Bariadi, Maswa na Meatu. Mwanzoni ilikazania kupanda miche ya miti, na miche mingi ikafa. Halafu wataalamu wakaketi na wazee, wakaulizia ngitili, yaani yale malisho ambayo Wasukuma tangu kale huyafunga wakati wa masika ili ng'ombe wayapate wakati wa kiangazi. Kutoka eneo dogo la ngitili lililokuwa limebaki, malaki ya hekta yalifufuka, miti ikachipua yenyewe kutoka kwenye mizizi iliyodhaniwa kuwa imekufa. Wasomi waliotoka ng'ambo na shahada zao walikuwamo katika kazi ile, na walifaa sana. Walifaa kwa kuwa swali lilitoka hapa, na jibu likabaki hapa.

Sasa tuuangalie mlango wenyewe wa kupitia. Tunaambiwa kwamba nafasi za masomo ng'ambo zimejaa, vijana wetu wavivu tu hawaombi. Haya, tuombe pamoja. Tangu miaka ya 1960 chuo cha Ghent, Ubelgiji, kimekuwa kikifundisha wasomi wa udongo wa nchi maskini. Wageningen nayo ina mafunzo ya namna hiyo. Ujerumani hutoa ufadhili kupitia shirika la DAAD kwa masomo ya maendeleo. Ni milango ya kweli, nasi tunawaheshimu walioifungua. Lakini kizingiti chake kimepimwa kwa mguu wa nani? Ule ufadhili wa Ujerumani humtaka mwombaji awe amefanya kazi ya taaluma yake kwa angalau miaka miwili baada ya shahada ya kwanza, na kwa kawaida asiwe amezidisha miaka sita tangu aipate. Sharti hilo lina busara kwa nchi ambamo mhitimu huajiriwa. Kwetu, mhitimu wa kilimo anaweza kuzunguka na bahasha yake miaka mitatu bila kuitwa, na akipata pa kujitolea bila malipo, hakuna wa kumwandikia cheti cha ajira. Hivyo asiye na kazi hapati masomo kwa sababu hana kazi, na hapati kazi kwa sababu wenzake wana masomo.

Yule anayepata nafasi bila ufadhili anakutana na ukuta mwingine. Kabla ya kupewa viza ya mwanafunzi, Ujerumani humtaka aonyeshe kwamba anazo fedha za kujikimu. Mwaka 2024 kiasi kilichowekwa kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa kila mwezi. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Tukikadiria pamba kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, ni tani 25 za pamba. Mkulima wetu anayevuna kilo 300 katika eka, naye si mvivu hata kidogo, angehitaji eka zaidi ya themanini za msimu mmoja, asile, asilipe dawa, asimzike mtu. Tunafahamu familia moja ya huku iliyouza ng'ombe kumi na wanane kwa ajili ya barua ya udahili ya mwanao. Barua ilikuwa ya kweli. Ng'ombe walikuwa wa kweli. Fedha hazikufikia hata nusu, muda wa barua ukapita, na kijana yule hivi sasa anaendesha bodaboda Lamadi. Juu ya hayo, kijana aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi chuo kikuu hutakiwa mara nyingi alipe zaidi ya dola 200 kwa mtihani wa kuthibitisha kwamba anajua Kiingereza. Ama tulidanganywa wakati wa kufundishwa, ama tunadanganywa wakati wa kulipa.

Wengine watatujibu: basi wasiende, wasome Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine kinafundisha elimu ya udongo hadi shahada za juu, na kituo cha Mlingano, mkoani Tanga, kimekuwa nyumba ya utafiti wa udongo wa taifa kwa miaka mingi. Tunawaheshimu, na wengi wa wataalamu wetu bora wametoka huko. Lakini sisi mapadre ndio watu wa mwisho wenye haki ya kumwambia kijana asiende ng'ambo. Kanisa limetupeleka Roma na Louvain kusomea mambo ambayo tungeweza kuyasoma hapa, na wamo kati yetu waliorudi na lugha nne wasijue bei ya kilo ya pamba. Kwenda si dhambi. Maabara zenye vifaa vya kusoma udongo hadi chembe zake za mwisho ziko huko, na maarifa ni urithi wa wanadamu wote. Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake wa mwaka 1967 juu ya maendeleo ya watu, aliwahimiza wenye nchi tajiri wawapokee kwa ukarimu vijana wanaokuja kusoma kwao. Sisi tunaongeza swali ambalo ukarimu peke yake hauwezi kulijibu: mgeni wenu aliposhiba, je, mlimfungia na chakula cha njiani kwa ajili ya waliomtuma?

Na wapo wanaowaita vijana wanaobaki huko wasaliti. Hao tunawaomba wanyamaze kidogo. Kijana aliyerudi tumemwona: anafundisha masomo ya ziada. Nchi isiyompa mtaalamu wake wa udongo hata shimo la kuchungulia haina haki ya kumtukana yule aliyebakia penye mashimo.

Lakini lawama zote tusizipeleke ng'ambo na Dodoma. Kipo kipande chetu. Katika shule zetu, na katika seminari tuliyosoma sisi wenyewe, mwanafunzi aliyechelewa sala au aliyezungumza Kisukuma alipewa jembe na kuonyeshwa eneo la kulima kama adhabu. Aliyefaulu alibaki darasani. Aliyekosa alipelekwa udongoni. Tulifanyiwa hivyo miaka mingi, kisha tukawafanyia wengine tulipokuwa walezi, tunakiri. Baada ya kumfundisha mtoto kwa miaka kumi na mitatu kwamba udongo ni mahali pa wakosaji, twashangaa akituambia anataka kusomea sheria. Yule kijana wetu wa barua anasema kwamba alipowaeleza ndugu zake anakwenda Ulaya kusomea udongo, mjomba wake aliuliza: "Udongo? Kwani huku umekwisha?" Watu wakacheka sana. Ni mzaha mzuri, nasi tuliucheka. Lakini ndani yake kuna hukumu ambayo tuliitunga sisi.

Tena tukiri kwamba serikali haikulala kabisa. Mwezi Aprili 2022 maafisa ugani waligawiwa pikipiki na vifaa vya kupimia udongo, na kuanzia msimu wa 2022/23 mbolea imekuwa ikitolewa kwa ruzuku kwa wakulima waliojiandikisha. Viongozi wa Afrika walikwisha kuahidi Abuja mwaka 2006 kwamba ifikapo 2015 mkulima atumie kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Mwaka huo ulifika na kupita bila ahadi kutimia, nao wakakutana tena Nairobi mwezi Mei 2024 wakazungumza si juu ya mbolea tu bali pia juu ya afya ya udongo. Neno hilo la afya tumelipokea kwa furaha. Lakini mgonjwa hatibiwi kwa kupewa dawa ya jirani. Katika mwendo wa nusu saa kutoka kilimani hadi ziwani, Mwamanyili ina udongo wa aina nne au tano. Mfuko wa mbolea unaofaa kwenye luseni hauna msaada juu ya ibambasi, ambako adui ni magadi na tabaka gumu, na ambako mtaalamu angefikiria kwanza jasi, samadi na njia ya kutoa maji. Afisa ugani mmoja mwenye pikipiki, anayehudumia vijiji kadhaa, akipewa kipimo kimoja na waraka mmoja wa taifa zima, atafanya nini? Atasoma waraka.

Kwa sababu hizo tunadai, na neno letu ni kudai wala si kuomba, kwamba yeyote anayechimba shimo katika shamba la mtu wa hapa, awe mgeni au mwenyeji, aandike kwa mwenye shamba, kwa Kiswahili na katika ukurasa usiozidi mmoja, mambo aliyoyaona: kina cha udongo, kiasi cha rutuba, magadi, chokaa, na ushauri wake, na karatasi hiyo ikabidhiwe mbele ya serikali ya kijiji kabla ya tasnifu kukabidhiwa chuoni. Vyuo vya ng'ambo vinavyoingiza nauli ya udongo katika bajeti viingize na nauli ya mwanafunzi ya kurudi shambani. Si fedha nyingi. Ni pungufu ya gharama ya kusafirisha ile mifuko. Halmashauri zetu zinapotoa barua ya kumkaribisha mtafiti ziliandike sharti hilo katika barua yenyewe, na zisikubali tena mtafiti aseme amekamilisha kazi wakati shimo liko wazi na mwenye shamba hajui kitu. Na majina ya Kisukuma ya udongo yaandikwe kando ya yale ya kimataifa, ili mtoto wa Busega akisoma ajue kwamba babu yake naye alikuwa na elimu.

Kwa upande wetu hatukungoja. Tumekubaliana na kijana yule kwamba atakuja Mwamanyili kabla ya mvua za vuli, na nauli yake ya basi, kwenda na kurudi, pamoja na chakula, imetengwa kutoka mfuko wa Tume. Chuo chake kimemruhusu kutumia vipimo vyake mwenyewe, na anasema kwamba ile mifuko ilipimwa magadi pia, ingawa hakuna aliyemwomba ayaandike katika tasnifu. Namba zipo katika daftari lake. Atasoma kwa Kiswahili, na katekista atageuza kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee na akina mama wasiokijua vizuri. Wenye majaluba yanayotoa ganda jeupe waje na udongo wao katika vifuko, waandike jina na mahali ulipotoka. Mkutano utakuwa palepale shimoni, si kanisani, ili wasio Wakatoliki wasisite.

Tulimpelekea mzee habari hiyo siku ya Jumanne. Alinyamaza kwa muda, kisha akaomba aletewe sururu, maana mvua za misimu minne zimeuosha ukuta wa shimo na inabidi aukate upya ili matabaka yaonekane.